Darasa la Baleti la Watu Wazima, Bukoto: Tathmini ya Mwanafunzi Mwenye Mvi

Studio ninayotaka kuitathmini iko Bukoto, Kampala, katika ghorofa ya pili ya jengo la biashara ambalo chini yake kuna duka la vifaa vya umeme na saluni, na kwa kuwa haina ubao wowote barabarani, wengi wetu tuliifikia kwa kuelekezwa na mtu aliyekwisha kuingia. Hufundisha densi za aina kadhaa, lakini mimi nitazungumzia huduma mbili tu: darasa la baleti la jioni kwa watu wazima ambao hawajawahi kucheza, na kikao cha kutazama baleti nzima kwenye ukuta, ambacho hufanyika Jumamosi moja ya kila mwezi. Niseme mapema kwamba nimeridhika, ila liko jambo moja, nalo ni sakafu, linalonizuia kuwapa sifa zote. Niseme pia kwamba anayelipia darasa na kukiacha kikao cha kutazama anaondoka na nusu ya haki yake, kwa sababu raha ya mchezo huu iko katika kuyafanya yote mawili, kucheza vibaya siku za kazi na kuwatazama wanaocheza vizuri mwisho wa juma.

Kipindi huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumanne na Alhamisi, na huchukua saa moja na nusu. Wanaohudhuria ni watu waliotoka kazini: muuguzi, mwalimu wa sekondari, mama wa Kikongo anayeuza vitenge mjini, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na mimi mkaguzi wa hesabu kutoka Arua. Kwa kuwa tumetoka pande mbalimbali, Kiswahili ndicho kinachotuunganisha pale, ingawa mwalimu hurukia Kiganda anapohesabu kwa haraka. Mwalimu mwenyewe ni binti aliyejifunzia Nairobi, mwenye umri unaokaribiana na wa mwanangu wa pili. Wanawake waliomzidi umri huwaita Mama, mimi huniita Mzee, kisha bila kuipunguza heshima hiyo hata kidogo hutusahihisha kama watoto wa chekechea. "Mzee, makalio ndani, tafadhali," atasema kwa sauti ya upole kabisa, na mzee hana budi kutii.

Mpangilio wa kipindi haukutungwa na studio, na kwangu hilo ni sehemu ya raha yenyewe. Tunaanza kwenye bomba lililofungwa ukutani, mkono mmoja ukiligusa bila kuling'ang'ania, kwa zoezi la kukunja na kunyoosha magoti liitwalo plie. Kisha mguu unanyooshwa mbele, kando na nyuma huku vidole vikiburuzwa sakafuni, kisha unachora nusu duara, kisha unarushwa juu. Baada ya dakika kama arobaini tunaliacha bomba na kwenda katikati ya chumba, na hapo yote tuliyodhani tumeyaweza yanakuwa mageni, kwa kuwa hakuna tena pa kujishikiza. Mwisho huja miruko, na baada ya miruko tunainama kumshukuru mwalimu. Utaratibu huu una asili yake Ufaransa, ambako mfalme Louis wa 14, aliyekuwa mcheza densi yeye mwenyewe, alianzisha chuo cha densi mwaka 1661, na Pierre Beauchamp, mwalimu wake wa densi, ndiye anayetajwa kuwa aliyeziwekea kanuni zile nafasi tano za miguu ambazo kila anayeanza lazima azijue. Mwalimu wetu alituonyesha rekodi ya Siku ya Baleti Duniani, ambapo tangu mwaka 2014 makundi makubwa hurusha mazoezi yao kupitia intaneti, na tukawaona wacheza wakuu wa Royal Ballet ya London, watu ambao tiketi zao hugombewa, wakianza siku yao kwa plie ileile tunayoanza nayo sisi juu ya saluni. Tofauti ni kwamba wao hawakunji uso.

Tatizo la kawaida la wanaoanza ni kuinamia mbele magoti yanapokunjwa, makalio yakitoka nyuma na kidevu kikitangulia. Walimu wengine hulirekebisha kwa maneno. Huyu hutoa kikapuni ngata za majani makavu ya migomba, zilezile wanazotumia akina mama wanapobeba mizigo kichwani, na kuweka moja juu ya kila kichwa. Ngata haina uzito wa kusaidia kitu, lakini huteleza mara tu shingo inapopinda, na ikianguka haina haja ya kuelezwa. Unashuka polepole kwa hesabu nne, magoti yakielekea upande uleule wa vidole vya miguu, visigino vikibaki chini hadi pale visipoweza tena, kisha unapanda kwa hesabu nne nyingine ukiwa unafikiria utosi peke yake. Muuguzi, ambaye alikulia kijijini akichota maji kisimani kila asubuhi kabla ya shule, alizunguka chumba kizima akiwa ameinuka kwa vidole na ngata yake haikutikisika, na mwalimu akatuambia sisi wengine tumtazame yeye tuache kujitazama kwenye kioo. Sijaona kifaa cha bei nafuu zaidi ya hicho kikifundisha jambo gumu namna hiyo.

Kuhusu usalama wa mwili, studio inastahili pongezi. Baleti hudai miguu igeuzwe nje, na mgeuko huo lazima utoke kwenye nyonga. Anayelazimisha nyayo zake zitengeneze mstari mmoja ilhali nyonga hazijafunguka hulipa kwa goti. Kabla ya mtu kuruhusiwa kusimama bombani, mwalimu humlaza chali mkekani, hupima kwa jicho nyonga zake zinageuka hadi wapi, na humkataza kuupita mpaka huo hata kama jirani yake anageuka zaidi. Waliocheza bakisimba, ngoma ya Waganda ya kutikisa kiuno, shuleni huja na mtaji na deni kwa pamoja. Wana miguu myepesi na mabega yaliyotulia, na hayo wengine huyatafuta kwa miezi, lakini kiuno chao kimezoea kuwa ndicho msemaji mkuu, na hapa kinaambiwa kinyamaze ili mguu usikike. Mwalimu wa sekondari, Mganda wa Masaka, bado anahangaika na hilo, na mimi humwonea wivu tu, maana kiuno changu hakijawahi kusema lolote.

Viatu vinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni hupoteza pesa. Kinachotakiwa ni kiatu laini cha turubai au ngozi, chenye soli nyembamba ya ngozi, na wengi wetu tunapendelea soli iliyogawanywa vipande viwili, kimoja chini ya vidole na kingine chini ya kisigino, kwa kuwa uwayo unapinda bila kuzuiwa. Mara nyingi kinauzwa na mpira wa kushikilia mguu ukiwa haujashonwa, hivyo mnunuzi hujishonea mwenyewe kulingana na umbo la mguu wake. Kwa kuwa vya kiwandani huagizwa kutoka nje au huletwa na wasafiri, wapo mafundi wa mjini wanaoviiga kwa bei ya chini, na kazi ya mikono yao ni nzuri, isipokuwa wakiweka soli ya raba. Raba hung'ang'ania sakafu. Mwili unazunguka, uwayo unabaki ulipokuwa, na kinachopindishwa katikati ni goti. Mwambie fundi aweke ngozi, upande wenye manyoyamanyoya ukitazama chini. Na wanaouliza lini watavaa vile viatu vya kusimamia ncha za vidole hujibiwa bila kuzungushwa kwamba hilo ni suala la miaka ya mazoezi na nguvu za kifundo. Marie Taglioni, aliyewaduwaza watu wa Paris mwaka 1832 kwa kucheza juu ya vidole, alivaa viatu laini vya satini vilivyoimarishwa kwa kudariziwa uzi tu. Leo ncha hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na hata hivyo mcheza mkuu anaweza kuchakaza jozi nzima katika onyesho moja.

Sasa sakafu. Chumba kimetandikwa zulia la plastiki la kijivu, safi na lisiloteleza, lakini chini ya zulia hilo kuna vigae, na chini ya vigae kuna zege. Sakafu ya densi inayofaa hujengwa kwa mbao zilizoinuliwa juu ya vipande vya mbao au vya mpira ili ibaki nafasi ya hewa, na mcheza anaporuka na kutua, sehemu ya kishindo humezwa na mbao hizo. Zege halimezi kitu. Kishindo chote hurudi kwenye muundi wa mguu, na kijana huenda asihisi leo, ila sisi wengine tunahisi tukiwa bado kwenye ngazi. Mwalimu analijua hilo vizuri, ndiyo maana miruko hupewa dakika chache tu na hakuna anayelazimishwa kuruka, lakini kupunguza miruko katika darasa la baleti ni kumpikia mgeni wali na kumnyima mchuzi. Niliwauliza wenye studio wakaniambia pesa za mwaka jana zilikwenda kwenye vioo. Kwa maoni yangu walianza na kisichostahili kuanza: kioo kinaweza kungoja, na kwa watu wa umri wangu kingeweza kungoja sana.

Muziki kwa kawaida ni piano iliyorekodiwa, inayotoka kwenye spika ndogo ambayo hukatika simu ya mwalimu inapoita. Lakini kuna Alhamisi ambazo kijana anayesomea muziki huja na adungu, kile kinubi cha kwetu West Nile, na kutupigia mazoezi ya polepole, yale ambayo mguu unainuliwa na kubaki hewani hadi mapaja yatetemeke. Mpiga ala aliye hai humtazama mcheza na kumngoja, jambo ambalo spika haiwezi. Akiona mguu wangu umeanza kushuka kabla ya wakati, huharakisha kidogo kuficha aibu yangu. Nimemwomba mwalimu amwite kijana huyo kila wiki, na ameahidi kufikiria, ingawa najua tatizo ni malipo ya kijana.

Kikao cha kutazama ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Jumamosi hiyo vioo hufunikwa, projekta huelekezwa kwenye ukuta mweupe, mikeka hutandikwa, na kwa wale wanaolipa kwa mwezi kiingilio ni bure pamoja na chai ya maziwa na sambusa. Mara ya mwisho tuliangalia Swan Lake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ambayo muziki wake ulitungwa na Tchaikovsky na kuchezwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, lakini namna inavyochezwa leo katika kumbi nyingi imetokana na ile iliyopangwa upya na Marius Petipa na Lev Ivanov mjini St. Petersburg mwaka 1895, wakati mtunzi alikuwa amekwisha kufariki. Mcheza mmoja huwa na nafsi mbili, Odette aliyegeuzwa ndege kwa uchawi na Odile anayetumwa kumhadaa mwana wa mfalme, na katika sehemu ya Odile huzunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja huku mguu mwingine ukichapa hewa kama mjeledi. Pierina Legnani, Mwitalia, ndiye aliyeiingiza mizunguko hiyo katika onyesho la 1895, na tangu hapo watazamaji wameendelea kuihesabu.

Nami nilikuwa wa kuhesabu, zamani nilipokuwa naiona vipandevipande kwenye simu. Baada ya miezi ya bomba na ngata, jicho linaangukia mahali pengine kabisa. Katika kila mzunguko kisigino cha mguu uliosimama hushuka chini, goti linakunjwa kidogo, kisha mwili unapanda tena juu ya ncha. Yaani ndani ya ule mzunguko unaometameta kumefichwa plie, ileile ya Jumanne, ikirudiwa mara 32 bila mahali pa kujishikiza. Swali linakuwa kama kisigino kinarudi palepale kilipotoka au kinasafiri. Mama wa Kikongo, ambaye hazungumzi sana darasani, aliinuka kwenye mkeka akanyoosha kidole ukutani na kupaza sauti, "Kisigino! Tazameni kisigino!" na sisi sote tukaanza kukisimamia kisigino cha mwanamke wa mbali kama watu wanaotazama mkwaju wa penalti. Kilisafiri labda hatua moja. Alipomaliza tulipiga makofi, ingawa hakuna aliyeweza kutusikia.

Jambo la pili aliligundua muuguzi. Katika sehemu za ziwa, kundi la wacheza wanaoigiza mabata maji, mara nyingi 24, hujipanga pande mbili za jukwaa na kusimama kimya huku wacheza wakuu wakicheza katikati. Mtazamaji wa kawaida huwaona kama pazia. Muuguzi alisema hao ndio anaowahurumia, kwa maana wanasimama kwa mguu mmoja, mwingine umewekwa nyuma, mikono imekutanishwa mbele, shingo imeinamishwa, na hawaruhusiwi hata kujikuna, ilhali misuli iliyopata joto kwa kucheza inapoa na kuanza kukaza. Sisi tuliokwisha kuambiwa "baki hapo" na mwalimu, tukabaki hesabu nane tu tukitetemeka, tulinyamaza kwa heshima. Kuanzia hapo nilimchagua mmoja, wa tatu kutoka kushoto, nikamfuata yeye peke yake kwa muda mrefu, na sidhani kama nimewahi kufurahia jukwaa kiasi kile.

Mwalimu huzungumza kidogo wakati wa kutazama, na hilo ni jema. Husimamisha picha mara chache tu, na mara moja aliisimamisha kuonyesha miguu. Soksi za rangi ya waridi zinazovaliwa katika baleti zilichaguliwa zifanane na ngozi ya Wazungu ili mstari wa mguu usikatike kutoka pajani hadi kidoleni. Kwa mcheza mweusi huukata mstari huo kwenye kiuno na kifundo. Arthur Mitchell, aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem kule New York mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, kundi lake lilianza kuvaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mcheza katika miaka ya 1970, ilhali kampuni ya Freed ya London, mashuhuri kwa viatu vya ncha, ilitoa vya rangi za kahawia kwa ushirikiano na kundi la Ballet Black mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo wacheza wengi walivipaka vipodozi vya uso. Kwa sababu hiyo studio hii haidai waridi: kila mmoja huvaa soksi inayomfanana, na wasionazo hucheza miguu mitupu juu ya kifundo. Wanafunzi wawili wa chuo, ambao wana picha ya Misty Copeland kwenye simu zao na wanajua kwamba alifanywa mcheza mkuu wa American Ballet Theatre mwaka 2015, waliongeza kuwa hawana haja ya kwenda mbali hivyo, kwani Joel Kioko wa Nairobi alitoka mtaa wa mabanda akafika shule ya English National Ballet.

Faida moja sikuitarajia, nayo ni kwamba darasa limebadilisha namna ninavyotazama ngoma zetu. Nilikwenda Kituo cha Ndere, Ntinda, jioni ya Jumapili, ambako kundi lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984 huonyesha ngoma za nchi nzima. Nimekuwa nikiwaona Waacholi wakicheza larakaraka tangu utotoni, wakigonga vibuyu vilivyokatwa nusu kwa nyaya za magurudumu ya baiskeli, na sikuzote nilisikiliza mlio. Safari hii niliona jinsi shingo inavyotikisika ilhali kibuyu hakitoki mahali pake. Walipofika Wanyankole na ekitaguriro, mikono yao ikiwa juu kuiga pembe za ng'ombe, nilijikuta natazama viwiko na mabega, nikimsikia mwalimu wa Bukoto akisema mabega chini, Mzee. Mabega yao yalikuwa chini. Ningependa studio iwaalike wacheza wa aina hiyo walau mara moja, waje watushike mikono.

Bei ni shilingi 35,000 kwa kipindi kimoja au 240,000 kwa vipindi vinane, na asiyelipa kwa mwezi hutozwa 10,000 kwa kikao cha kutazama. Si kidogo kwa mtu wa mshahara, lakini ni haki kwa kiasi cha uangalizi tunaopata, kwa kuwa darasa halizidi watu kumi na wawili. Choo ni safi, chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja na tunapokezana, na umeme ukikatika tunaendelea kwa taa ya betri. Wanaume wanaosita wasisite kwa sababu ya mavazi. Suruali ya mazoezi na fulana vinatosha. Mwenye tatizo la mgongo au goti amwambie mwalimu kabla, naye asikubali kuruka juu ya zege lile hata akijisikia ana nguvu. Barabara ya Bukoto–Kisaasi hufungana kuanzia saa kumi na moja, kwa hiyo anayetoka Ntinda au Kamwokya achukue boda mapema, maana mazoezi ya bomba yakianza mlango hufungwa na anayechelewa huketi ngazini hadi kipindi kifuatacho: mwalimu hamruhusu yeyote kuingia katikati ya chumba akiwa na misuli baridi.